Siku Mashine ya Kusikiliza Ardhi Ilipotusikia Sisi

Mnaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, na sina la kuwalaumu, maana mtu aliyesimamishwa mbele ya kijiji kizima na mbele ya mkubwa wa wilaya, akatakiwa aeleze kwa nini ardhi imesema uongo, na wakati huo shavuni bado ana chembe ya ugali wa mama aliyemlisha asubuhi, huyo hana heshima yoyote ya kuficha. Basi nitasema yote. Ardhi haikusema uongo. Ilikuwa ni mimi, na nyundo yangu, na mdomo wangu, ingawa siku hiyo mdomo wenyewe ulikuwa umefungwa.

Asubuhi niliyoondoka Tarime sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nalala mtaa wa Bomani, nyuma ya kibanda cha fundi cherehani mmoja, Mwislamu mpole ambaye aliniruhusu kulala juu ya vipande vya vitambaa kwa sababu tu nilikuwa namchekesha akishona, na asubuhi hiyo nikanawa uso, nikatoka nje, nikaona lori linanguruma barabarani, limebeba mabati na mikungu ya ndizi, na utingo ananitazama kama vile ni mimi aliyekuwa akinisubiri. Nikapanda. Sikuuliza linakwenda wapi mpaka tulipofika mteremko wa kwanza. Ndivyo nilivyokuwa miaka ile (shule niliiacha darasa la nne, si kwa sababu nilikuwa mjinga, ila mwalimu alichoka na maswali yangu na mimi nikachoka na fimbo yake). Watu walikuwa wanahamishwa kutoka vilimani waende kukaa pamoja kwenye vijiji vya ujamaa, wengine wakilia, wengine wakiimba, na mimi katikati yao nilikuwa najihamisha mwenyewe kila mara, bila kusukumwa na mtu.

Lori likavuka mto Mara, likatuacha upande wa Serengeti kwenye kijiji kipya kabisa, kipya hata jina lake la serikalini lilikuwa halijazoeleka midomoni mwa watu. Wenyewe walikiita Mabatini, kwa sababu katika nyumba zile zote za nyasi zilizopangwa kwa mstari kama watoto wa shule, ofisi ya kijiji peke yake ndiyo ilikuwa na bati, na mabati mengine ndiyo hayo tuliyokuja nayo, ya ghala. Nilisaidia kuyashusha. Nikapewa ugali na mlenda na Mama Bhoke, mama mmoja mrefu wa kamati ya akina mama, na alipoona ninavyokula akasema, "Huyu hata kama hana kwao, tumbo lake lina kwao." Nikabaki.

Kijiji kilikuwa kizuri, watu wacheshi, shamba la pamoja lina mahindi yanayofika kifuani, lakini maji hakuna. Maji yalikuwa mtoni, na mto ulikuwa mbali, akina mama wanatoka alfajiri na mitungi, wanarudi jua limeshakuwa kali, na mtungi mmoja ndio huohuo wa kupikia, kunywa na kumwosha mtoto. Mama Bhoke alikuwa na kovu kwenye utosi, mahali mtungi ulipokaa miaka yote, na akikuonyesha anacheka, lakini hacheki sana.

Ndipo ikaja Landrova.

Ndani yake alikuwamo mtaalamu, Ndugu Salehe, kijana wa Tanga mwenye suruali pana chini na Kiswahili kitamu mpaka wazee wetu walikuwa wanamwuliza maswali ili wamsikie tu akijibu. Alikuja na mashine ya kusikiliza ardhi. Mwenyekiti wetu, Mzee Magige, akaitisha mkutano, na Salehe akaeleza kwamba mahali fulani huko chini, kati ya udongo wa mfinyanzi na mwamba, huenda kuna mchanga wenye maji, na kwamba mtambo wa kuchimba uko njiani kuja wilayani, ila ni mmoja, na vijiji vinavyouomba ni viwili, sisi na wenzetu wa ng'ambo ya kilima. Mtambo utakwenda pale ambapo karatasi ya mashine itaonyesha wazi kwamba kuna kitu cha kuchimba. Ukishapita, umepita, unakwenda mikoa mingine.

"Nahitaji mtu wa nyundo," akasema Salehe. "Mtu mwenye mgongo."

Nikanyanyua mkono, mimi Chacha.

"Mura," akaniuliza Mzee Magige, kama wazee wetu wanavyomwita kijana, "wewe una mgongo?"

"Ninao, tata," nikajibu, ndivyo tunavyomwita baba.

"Mara ya mwisho uliutumia lini?"

Watu wakaangua kicheko, lakini kazi nikapata.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tunachomeka ardhini vidude vidogo kama vikombe, kila kimoja kina mwiba wa chuma chini yake, tukaviita masikio. Masikio yameunganishwa na waya mrefu mpaka kwenye mashine. Kisha mimi, kule mwisho wa waya, napiga nyundo kubwa juu ya bamba la chuma lililolala ardhini. Sauti inashuka chini, ikikuta tabaka jipya sehemu yake inarudi juu kama mwangwi, masikio yanausikia, na mashine inauchora kwenye karatasi kwa mistari inayocheza. Kwenye mpini wa nyundo kulikuwa na swichi ndogo, nikipiga tu, mashine inajua, inaanza kusikiliza, na inasikiliza kwa muda mfupi sana, unaweza kupiga chafya na imeshamaliza.

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilimwuliza Salehe maswali mpaka akawa anakula huku ananijibu. Kwa nini nipige mara nyingi mahali palepale, kwani ardhi ni kiziwi?

"Si kiziwi, ndugu yangu," akasema. "Mwangwi ni mdogo mno, na juu ya ardhi pana makelele. Upepo, ng'ombe, mama anatwanga, lori linapita. Ukipiga mara moja, hutambui upi ni mwangwi, yupi ni ng'ombe. Lakini ukipiga tena na tena, mashine inajumlisha. Mwangwi wa kweli una adabu, kila ukipiga unarudi wakati uleule, kwa hiyo unajumlishwa na kukua. Makelele hayana adabu. Mara yanakuja mapema, mara yanachelewa, mara yanapanda, mara yanashuka, basi yakijumlishwa yanafutana yenyewe kwa yenyewe."

Jamani, sikulala kwa raha ya jambo hilo! Makelele kufutana yenyewe! Niliwaeleza wote waliokubali kukaa nami, na waliokataa niliwafuata shambani.

Lakini siku za mwanzo karatasi zilitoka vibaya, kama kuku amechakura kwenye majivu. Makelele yalikuwa mengi kuliko uwezo wa mashine. Na pale palipoonekana kitu, kilikuwa mstari mmoja mnene, umevimba, na Salehe akasema huenda ndani yake kuna mistari miwili iliyogandana, juu ya mchanga na chini ya mchanga, lakini kwa uchafu ule haiwezekani kuitenganisha, na mtambo hauwezi kuletwa kwa mstari uliovimba. Mwisho akamwomba Mzee Magige kitu kimoja: asubuhi moja ya kimya. Ng'ombe wapelekwe mbali, vinu vilale, mtu asiimbe, asiite, asikohoe kama anaweza.

Mzee Magige akatangaza, na Mabatini ikanyamaza. Nasikitika hamkuona. Wakurya, kijiji kizima, kimya! Hata jogoo wa Mama Bhoke alifunikwa na kapu.

Salehe akajifungia ndani ya Landrova na mashine yake, upande wa ofisi, na mimi nilikuwa kule chini nyuma ya mwinuko, mwisho wa waya, haonekani kwangu wala mimi kwake, ila kuna mtu mwenye kitambaa chekundu katikati ananipungia nipige, naye nilikuwa naona mkono wake tu. Sasa kijiji kikinyamaza na kazi zote zikisimama, watu waende wapi? Walikuja kwangu. Wakapanga mstari pembeni ya yale masikio ya mwisho, vijana kwa akina mama, vifua mbele, wamenyamaza kabisa kama walivyoagizwa, macho yote kwenye nyundo.

Na hapo ndipo nilipoamua kitu kidogo sana.

Lazima mjue kwamba kwetu mwanaume akionyesha nguvu mbele ya watu hafanyi kimyakimya. Anajitapa kwanza. Anataja baba yake, anataja ng'ombe, anataja mto aliouvuka umefurika, halafu ndipo anafanya. Na watu wanamwitikia. Kumwacha mtu amejitapa bila kuitikiwa ni kama kumkaribisha mgeni kwenye kigoda halafu ukakivuta. Mimi nilikuwa nimekatazwa kusema, basi nikajitapa kwa mabega. Nikayatikisa kama kwenye ngoma, nikainua nyundo juu, nikazungusha macho, nikapiga. Na wale watu, masikini, midomo imefungwa, vifua vimejaa, wafanye nini? Wakaniitikia kwa miguu. Wote kwa pamoja, pekupeku, waliruka juu na kutua mara moja, *di*, kabla hata nyundo haijatulia.

Sauti yake sikioni ilikuwa ndogo, kama gunia la pamba limeangushwa. Lakini nilihisi kwenye nyayo, ikanipanda mpaka magotini, tamu.

Nilifikiria, nawaambia ukweli. Sikuwa mpumbavu wa kutofikiri, nilikuwa mpumbavu wa kufikiri nusu. Nikajiambia: mtaalamu amesema kimya, na hapa hakuna aliyetoa sauti. Nikajiambia tena: makelele yanayoharibu ni yale yasiyo na adabu, na hawa wana adabu, hebu tazama wanavyotua pamoja. (Hapo ndipo ningepaswa kujipiga nyundo mwenyewe kichwani.) Badala ya kuwakataza, nikawapungia mkono kwamba safi, tena. Tukaendelea. Mabega, nyundo, *di*. Mabega, nyundo, *di*. Mama Bhoke alikuwa mstari wa mbele na alikuwa anaruka kuliko vijana. Kazi ya pamoja ilikuwa haijawahi kunoga vile katika kijiji kile, na yote bila neno moja.

Tulipomaliza, nikasikia mlio kutoka kwenye Landrova. Nilidhani mtaalamu ameumwa na nyoka. Alikuja anakimbia juu ya mwinuko, karatasi inapepea nyuma yake kama kanga kwenye kamba, anapiga kelele, "Safi! Safi kabisa! Chacha, ndugu yangu, tazameni!" Na kweli, chini ya ile michoro ya kuku, palikuwa na mstari mweusi, mpana, umenyooka, mzuri hata mimi nisiyejua kitu niliupenda. Salehe alisema hajapata kuona tabaka lililo wazi namna ile tangu aanze kazi. Akina mama wakapiga vigelegele, kimya kikavunjika chote kwa mkupuo, jogoo akatolewa kwenye kapu, na Mzee Magige akatuma mtu kwa baiskeli kwenda bomani kwa mkubwa wa wilaya kumwambia Mabatini kuna maji.

Mkubwa akasema atakuja kuona kwa macho yake.

Akaja kesho yake, mtu mnene, mchangamfu, amevaa suti ya Kichina ya kijivu na anajipepea kwa kofia. Kijiji kizima kilikuwapo. Salehe, kwa heshima ya mgeni, akaileta mashine kule kule chini, karibu na bamba, chini ya turubai, ili mkubwa auone mstari ukizaliwa. Akaomba kimya. Akaniambia, "Ndugu Chacha, fanya kama jana, usibadilishe kitu."

Nisibadilishe kitu! Nilikuwa nimejipaka mafuta.

Nikatikisa mabega. Nikamtazama mkubwa. Nikainua nyundo, nikapiga, na Mabatini yote, kwa vile kuna mgeni, ikaruka juu kuliko jana na kutua kwa uzito wake wote. *Di!* Kofia ya mkubwa ikamtoka mkononi.

Mstari ukatokea kwenye karatasi, mweusi, mzuri. Lakini Salehe hakuwa anatazama karatasi. Alikuwa ananitazama mimi, kisha watu, kisha miguu ya watu, taratibu, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kama anayesoma.

"Ndugu Chacha," akasema kwa sauti ndogo. "Piga tena. Na nyinyi wananchi, tafadhali, miguu ibaki chini."

Nikapiga, tena na tena, bila mabega. Karatasi ikatoka na ukungu ule wa siku za mwanzo, na pale ulipokuwa mstari mzuri hapakuwa na kitu.

"Sasa weka nyundo chini. Wananchi, nikibonyeza hii swichi, rukeni."

Akabonyeza. Wakaruka. Mstari ukarudi.

Mkubwa akaokota kofia yake, akaikung'uta, akaitazama karatasi, akaitazama miguu ya Mama Bhoke iliyojaa vumbi, akauliza, "Kwa hiyo tunataka kuleta mtambo wa serikali tuchimbe miguu?"

Kicheko kilichotoka hapo! Watu walianguka. Mkubwa mwenyewe alishika tumbo. Mimi nikajaribu kucheka nao, nikidhani mambo yatapita kwa njia hiyo, lakini Mzee Magige akanishika bega, akanisimamisha juu ya bamba, akasema, "Mura, waeleze." Nikaeleza. Nikasema kuhusu adabu, kuhusu kufutana, kuhusu sauti ya mdomo na sauti ya mguu, nikazidi kujichanganya, na kila nikisema "makelele yenye adabu" wanaanza upya kucheka, mpaka dereva wa mkubwa akaketi chini. Salehe ndiye aliyenimalizia, na hakucheka. Akasema makelele ya ovyo mashine inaweza kuyashinda, lakini makelele yanayokuja kila mara wakati uleule baada ya nyundo mashine haiwezi kuyajua, inayajumlisha kama mwangwi, na kwamba kijiji kizima kimefundishwa, na mtu wake mwenyewe, kuwa mwangwi.

Halafu mkubwa akaacha kucheka. Akasema mtambo unafika bomani leo, kesho unatoka. Gari la Salehe liondoke hapa kabla ya jua kuzama na karatasi ya kweli, iwe nzuri au mbaya, na kama haionyeshi kitu, mtambo unakwenda ng'ambo ya kilima. Akapanda gari lake, akaenda.

Sasa kimya kilichobaki hapo hakikuagizwa na mtu. Akina mama walikuwa wameacha kucheka. Mama Bhoke alinijia, akasimama mbele yangu, na sikuweza kumtazama usoni, nikamtazama kwenye ule utosi.

"Chacha," akasema. "Mimi nilikulisha."

Basi. Afadhali angenipiga.

Vijana wakataka nyundo apewe mtu mwingine. Salehe akakataa. "Pigo lake ni lilelile kila mara," akasema, "mashine inalipenda. Ila wengine wote waondoke. Wote. Mpaka mtoni."

Na kijiji kikaondoka, wazee, watoto, mbwa, safari hii bila ng'ombe kwani walikuwa hukohuko tayari. Tukabaki Salehe na mimi. Akafanya kazi kama mtu anayeshona nguo ya harusi. Yale masikio akayapanga upya kwa makundi madogo madogo ya karibu, akanieleza kwamba mtikiso unaotambaa juu juu ya ardhi unalifikia sikio moja mbele na lingine nyuma, kwa hiyo unafutika ndani ya kundi, lakini mwangwi unaotoka chini unayafikia yote pamoja. Akazungusha vifundo vya mashine ili ichuje ile mingurumo minene na kuacha sauti kali nyembamba, maana, akasema, ni sauti nyembamba ndiyo inayoweza kupita katikati ya matabaka mawili yaliyokaribiana na kuonyesha kuwa ni mawili. Nilikuwa na maswali kumi kooni. Niliyameza yote.

Shida ikabaki bamba. Udongo pale juu ulikuwa mkavu, laini kama unga, nyundo ikipiga inatoa sauti ya mto wa kulalia. Tukachimba kidogo, bado vumbi. Salehe akasema, "Pangekuwa na maji tukalowanisha hapa, bamba lingeshika ardhi. Lakini nani—"

"Yako hapa."

Alikuwa ni Mama Bhoke. Hakuwa amekwenda. Alikuwa amesimama na mtungi wake kichwani, ule alioutoa mtoni alfajiri, maji ya siku nzima ya nyumba yake.

"Mama, hapana," nikasema.

"Nyamaza, wewe," akasema, na akaumimina wote. Maji yakaingia ardhini na mlio kama wa mtu anayenyonya, akaukanyaga udongo vizuri kwa nyayo zake, na yeye mwenyewe akatulazia bamba juu yake. Kisha akatazama huku na huku, akakiona kinu chake kilicholala karibu, akakisimamisha mbali na waya, akakikalia, na akainua miguu yote miwili juu, hewani, akaishika kwa mikono.

"Pigeni," akasema. "Sipo."

Nikapiga. Nilipiga bila mabega, bila baba, bila ng'ombe, bila mto uliofurika. Hakuna aliyenitazama isipokuwa mama mmoja aliyekaa juu ya kinu kama ndege, meno yamekazana, miguu inatetemeka kwa kuchoka, hataki kuishusha. Sijapata kupiga kitu kwa uaminifu namna ile tangu nizaliwe. Na kila pigo lilitoka kali, *ti*, kama jiwe juu ya jiwe.

Salehe akatoa karatasi. Hakupiga kelele safari hii. Akaikunjua polepole juu ya boneti, nasi tukasogea, Mama Bhoke akichechemea. Hapakuwa na mstari mweusi mzuri. Palikuwa na mistari miwili myembamba, hafifu, mmoja juu ya mwenzake, na kati yao nafasi ndogo safi.

"Ndiyo hiyo?" akauliza Mama Bhoke.

"Ule uliovimba umefumuka, mama," akasema Salehe. "Huu ni juu yake, huu ni chini yake. Katikati huenda ni mchanga. Mimi sikuahidi maji. Lakini leo, aliyesema hapa ni ardhi yenyewe."

"Mwembamba sana," akasema Mama Bhoke, akiinamia karatasi mpaka pua ikaigusa.

"Ukweli ndivyo ulivyo, mama."

Salehe akaondoka na karatasi jua likiwa bado juu kidogo ya kilima, vumbi la Landrova likabaki limesimama njiani.

Asubuhi iliyofuata na mimi nikaondoka. Si kwamba nilifukuzwa. Mzee Magige alinipa mkono, na akina mama walishaanza tena kucheka, lakini kila nyumba niliyopita watoto walikuwa wanatikisa mabega, na kusubiri jibu la mtambo katikati ya watu wale, huku nakula ugali uliopikwa kwa maji ya kuazima, niliona siwezi. Nikashika njia ya kuelekea Ikoma, kwa sababu nilikuwa sijapata kuiona Ikoma.

Jua lilipokuwa limeshaanza kuinama nikasikia mngurumo mbele yangu, nikapisha kwenye nyasi. Lilikuwa lori refu kuliko yote niliyopata kuona, limebeba mnara wa chuma umelala, na mabomba, na watu wamekaa juu ya mabomba. Likasimama kando yangu. Dereva akatoa kichwa.

"Habari ya safari, ndugu. Mabatini ni hii njia au ile ya kilimani?"

Nikashika mlango wa lori lake.

"Hii," nikasema. "Hii, hii, usiiache. Ukifika ofisi yenye bati, shuka chini, utakuta bamba liko palepale. Usikubali mtu akuambie ni pengine."

Akanitazama vizuri, kisha akageuka kwa wenzake juu ya mabomba. "Jamani, ndiye huyu! Ndiye wa miguu!" Na wale watu, ambao sijawahi kuwaona maishani, wakaanza kunitikisia mabega.

Walipoondoka nilicheka peke yangu njiani mpaka machozi yakanitoka. (Maji yalipatikana. Si mengi ya kujivunia, pampu moja ya mkono, lakini yanatosha, na nasikia ule utosi wa Mama Bhoke umeanza kuota nywele.)

Ikoma nilifika jua linazama. Nikabisha nyumba ya kwanza yenye moshi, nikakuta mama mmoja mkongwe na mumewe ambaye alikuwa askari wa hifadhi, nikawapa shikamoo, nikaomba pa kulala. Mzee akanipima kuanzia juu mpaka chini.

"Una tabia gani, kijana?"

"Ya kuuliza maswali, tata."

"Hiyo siyo mbaya. Mke wangu anaumwa kichwa, tunataka kimya tu. Unaweza?"

Nikafikiri kwanza, kama nilivyoapa njiani nitakavyofikiri siku zote.

"Kimya cha mdomo, tata," nikamwuliza, "au cha mwili mzima?"

Wakatazamana, yule mama akacheka akishika kichwa, akanionyesha pembe ya nyumba palipokuwa na ngozi ya ng'ombe. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia kwa ncha za vidole.